Pilau ya Mwezi Salama

Hapo zamani, wala si zamani sana, Kiboko alikuwa na kiwanda cha kukamua miwa. Alitangaza kwamba mwezi ukiisha bila ajali, wafanyakazi wote watakula pilau. Pilau ilikuwa rahisi kuliko kuinunulia mashine kifuniko.

Siku ya mwisho ya mwezi, mashine ikamkata Ngedere vidole vya mkono wa kulia.

"Jikaze, dada yangu," Fisi akamsihi, mate yakimdondoka. "Ukisema tu, umetunyima wali sote."

Ngedere hakutaka kuchukiwa. Akaufunga mkono kitambaa, akaufutika mfukoni.

Kesho yake, kwenye sinia, Kiboko akamwona akila kwa kushoto. "We Ngedere! Kwenu hawafunzi adabu? Kula kwa kulia!"

Ngedere akautoa mkono, akaulaza kando ya sinia. Kiboko akakohoa, akasema mwezi umeshafungwa, basi.

"Umesikia? Tule!" Fisi akafinyanga tonge.

"Kula, kaka," Ngedere akamwambia. "Mimi kazi ile siiwezi tena. Kesho mashine ni yako."

Fisi akabaki na tonge mkononi, akivitazama vidole vyake.