Bati Namba Sabini na Nne

Nyundo ilipenya ukuta, na bohari ya wakoloni ikatoa hewa nzito iliyofungiwa humo miaka sitini na ushei. Fundi aliwasha tochi ya simu, akachungulia tunduni.

Mifupa. Ya watu watatu, labda wanne. Karibu na tundu palikuwa na bati la mpagazi, moja ya yale waliyokuwa wakivalishwa shingoni kama mbuzi wa mnada. Alilifuta kwa kidole gumba: sabini na nne.

Kwao hakuna asiyeijua namba hiyo. Ilikuwa ya mume wa shangazi yake, aliyetoweka wiki ya mgomo wa wapagazi. Watu na midomo yao wakasema katoroka na mwanamke. Shangazi hakumjibu mtu, wala hakuolewa tena.

Fundi alipiga simu huku analia. "Shangazi, hakukukimbia! Yuko hapa bohari. Natuma gari."

"Nakuja, mwanangu."

Akiwa anasubiri, ndipo alipokiona. Chini kushoto, kwenye lipu ya zamani: kiganja cha vidole vinne, kilichochapwa lipu ikiwa mbichi.

Marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, hakumaliza ukuta bila kubandika kiganja chake pale, na kidole kimoja alikipoteza utotoni. Alimjengea dada yake nyumba, akamtunza mpaka yeye mwenyewe anaingia kaburini. Ni nyumba hiyo tu isiyo na kiganja. Shangazi alikikataa, na ukoo mzima ukacheka ukidhani ni utani.

Baba ndiye aliyeziba! Shangazi akijua, atabaki na nani duniani? Fundi alinyakua patasi, akakikwangua kiganja mpaka yakabaki matofali matupu.

Shangazi aliingia na mkongojo wake. Alilibusu bati, akalivaa shingoni. Kisha akalipita tundu, akainama chini kushoto, akapapasa.

"Kiko wapi kiganja?"

Fundi aliificha patasi nyuma ya mgongo.

"Kaka aliniambia jioni ile ile alipoujenga ukuta huu," alisema shangazi, vidole bado vikitafuta. "Kashikiwa bunduki kisogoni na askari wa wakoloni, angefanyaje? Nikanyamaza, wasije wakammaliza na yeye. Ila mkono wake sikuushika tena, hata alipokuwa anakata roho ananinyooshea. Leo nimekuja kuushika."