Kofia Juu ya Kadi

Mzee Swichi alinyoosha mkono kuwasha mtambo, akakuta kadi nyekundu inaning'inia pale alipozoea kuona kofia.

Miaka yote pale kiwandani, fundi akiingia kusafisha pipa la kuchanganyia sabuni, alitundika kofia yake kwenye swichi. Kofia ipo, mtu yumo. Haipo, washa. Juzi wakubwa wakaleta kadi za maandishi, na darasa la jioni la kuwafundisha watu wazima kuzisoma.

"U... si..." Akakwama. Au ni "i"? Darasani herufi zilikaa ubaoni kwa adabu, hapa zilimchezea kama kumbikumbi kwenye taa.

"Mzee, washa basi," msimamizi aliita kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Au unasubiri mahari?"

Wenzake wakacheka.

"Nakuja, mwanangu. Mkono tu umeshikwa na usingizi."

Kofia haipo, basi awashe. Lakini kadi ipo, na kadi inasema nini? Labda washa, labda usiwashe, labda wametangaza likizo. Na angeuliza vipi, yeye ambaye kila mapumziko hufunua gazeti na kutikisa kichwa kama hakimu?



Mwishowe akavua kofia yake mwenyewe, akaitundika juu ya kadi, akarudi nyuma.

Kicheko kikakatika. Hata msimamizi hakupiga hatua.

Ndani ya pipa, mtu akapiga chafya.