Kiti cha Mzee Kishore

Wazee sita walifungiwa ndani ya ukumbi wa chama katika mtaa wa Lozells, ughaibuni, Jumamosi asubuhi, na aliyewafungia alikuwa binti wa mmoja wao.

Raisa aligeuza ufunguo, akamrudishia Tarsem, mtunza ukumbi. Tarsem akaufungua tena mlango.

"Sheria ya moto," alisema. "Lazima ufunguke kutoka ndani. Wewe waambie tu umefungwa."

Raisa akawaambia umefungwa. Hakuna mzee aliyejaribu kitasa.

Shauri lilikuwa lake. Alifundisha historia katika sekondari moja ya Northfield, na kwenye mkutano wa wanachama alisimama akaeleza yaliyotokea Viterbo, mji wa Italia, zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Papa alikuwa amefariki. Zama zile Papa ndiye aliyemvika mfalme mkuu taji, na akimtenga mfalme na Kanisa, raia walihesabu kwamba hawana tena deni la kumtii. Kwa hiyo kila mwenye nguvu Ulaya alitaka Papa wa upande wake, na makadinali wakabishana karibu miaka mitatu. Mwishowe watu wa mji walichoka. Wakawafungia, wakawapunguzia chakula mpaka mkate na maji, kisha wakaezua paa.

"Wakampata Papa?" mtu mmoja aliuliza.

"Walimpata."

Wanachama wakapiga makofi.

Chama cha Watu wa Afrika Mashariki hakikuwa na mwenyekiti tangu Mzee Kishore afariki. Kishore alipigiwa simu za misiba, za ndoa na za mabomba yaliyopasuka, hata alipokuwa amelazwa hospitali. Baada yake yalibaki majina mawili: Mzee Khatib wa Unguja, baba yake Raisa, na Mzee Pritam wa Kisumu, baba yake Seema. Kila baraza la wazee lilipokutana, kura zilikuwa sawa. Na kwa desturi ya baraza, ya ndani hayasemwi nje.

Nje watu walijisemea ya kwao. Watu wa Khatib waliacha kununua unga na viungo dukani kwa kina Pritam, Kings Heath. Watu wa Pritam waliacha kuja kwenye futari. Raisa na Seema, waliokua wakilala kitanda kimoja kila likizo, mpaka Seema akajifunzia Kiswahili jikoni kwa kina Raisa, walianza kusalimiana kwa kichwa, kisha wakaacha na hilo. Raisa alijifungua mwezi wa tisa. Seema hakuja kumwona mtoto.

Mara moja tu Raisa alimsihi baba yake. "Si umwachie Baba Seema, yaishe?"

Khatib alikuwa akimenya chungwa. "Mwambie Pritam," alisema. "Mimi hanisikii."

Sasa kila upande uliweka mlinzi mlangoni, ili upande wa pili usipenyeze chakula. Mabinti wawili wakakaa kwenye viti vya plastiki, mmoja huku, mmoja kule, wakitazama ukuta uleule.

Mchana wazee walipelekewa mkate na maji. Pilau ilikuwa imepikwa. Ililiwa na walio nje.

Baada ya chakula sauti zikapanda. Mzee Pritam alisikika mpaka barabarani. "Sikubali, Khatib! Si leo, si kesho!"

"Na mimi labda nife kwanza!" Khatib alijibu, halafu akakohoa.

Raisa alimtazama Seema. Seema alitazama viatu vyake.

Alasiri, Seema alisema bila kugeuka, "Paa hatuwezi."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Raisa tangu kiangazi.

"Paa ni la manispaa," Raisa alisema.

"Hita si ni yetu?"

Ilikuwa Februari, huko ni majira ya baridi kali. Tarsem aliizima hita bila kuuliza neno, akaenda kuvaa koti lake.

Baridi haikuchagua upande. Iliwafuata na mabinti mlangoni, na baada ya muda Seema alisogeza kiti chake karibu, akatandaza shali yake juu ya magoti ya wote wawili.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Mwanamkasi."

"Jina la mama yako."

"Ndiyo."

Seema aliitikia kwa kichwa polepole, akaiweka shali sawa upande wa Raisa.

Giza lilikuwa halijaingia mlango ulipofunguka. Wa kwanza kutoka alikuwa Mzee Khatib, kofia mkononi, uso umemshuka. Nyuma yake Mzee Pritam alitoka kifua mbele, anatabasamu kama aliyeozesha binti. Watu wake waliona uso ule, wakaanza kushangilia. Raisa alisimama. Alimwona baba yake mzee kuliko alivyokuwa asubuhi, na akajuta kwamba Viterbo aliwahi kuitaja.

Mzee Haidari, mkubwa wao kwa umri, aliinua mkono. "Tumepata mwenyekiti," alisema. "Ni Khatib."

Vigelegele vilihama upande. Pritam aliendelea kutabasamu.

Khatib hakumtazama mtu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki cha binti yake, akaanza kusugua magoti. Raisa alichuchumaa mbele yake.

"Baba, mbona hivyo? Si umeshinda?"

"Nimeshinda nini?" Khatib alisema. "Muda wote huu mimi nampigia kura Pritam, naye ananipigia mimi. Leo miguu imekufa ganzi, nikamwambia haya, nimekubali."