Bisibisi ya Fundi Makame

Pikapu tatu za kampuni tatu zilikuwa zikinguruma kwenye yadi ya magari, boneti wazi. Mkunga Zamda hakutaka tena kusikia sifa za wauzaji. Pikapu yake ya zamani, nayo ilisifiwa hivyo hivyo, ilizima mlimani, na mzazi aliyekuwa ndani hakufika hospitali. Safari hii alimtaka Fundi Makame amchagulie, kama alivyowachagulia wengi mjini.

Makame akatoa bisibisi yake ndefu. Ncha akaiweka kwenye injini ya kwanza, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Watu wote wakanyamaza.

Hakusikia kitu. Tangu mwezi wa mfungo masikio yake yalikuwa yakififia, na hakumwambia mtu. Leo hata ule mvumo wa mwisho ulikuwa umekwisha. Mpini ulitetemeka tu shavuni mwake. Akahamia ya pili, kisha ya tatu. Mtetemo ule ule.

Alipofumbua macho aliona midomo ya Zamda ikiuliza: "Ipi, fundi? Nichukue ipi?"

Alitaka kumwambia. Akamwona alivyoukamata ushungi wake kwa mikono miwili, akimtazama yeye tu.

"Subiri kidogo, mama," akasema.

Wote wakaruka kwa kushtuka, maana alikuwa amepiga kelele.

Makame akarudi kwenye pikapu ya kwanza, akaubana tena mpini sikioni. Kisha akainua mkono, akiwaomba watu wanyamaze.

Hakuna aliyekuwa akizungumza.