Deraya ya Gajendra

Kombora la mwisho la majaribio lilipopiga, kifaru kiliyumba kama mtu aliyesukumwa begani, kisha kikatulia palepale kwenye mchanga wa Rajasthan. Thilagavathi hakungoja ruhusa. Alichomoka handakini mbio, mtandio wa sari ukimpiga usoni.

"Madam! Chuma bado cha moto hicho!" Dungar Singh, askari aliyekuwa akiendesha kifaru hicho, alikuwa akimfokea huku naye akikimbia.

Kifaru kilikuwa kitupu. Kwenye kiti cha dereva walikuwa wameweka mtungi wa udongo uliojaa maji, basi. Dungar alifungua kifuniko, akatumbukia ndani. Kisha kichwa chake kikachomoza, mtungi kaukumbatia kifuani, mzima. Akaunyanyua, akanywa mbele ya maofisa wote, maji yakimchuruzika kwenye masharubu.

"Mnaona?" alipiga kelele. "Ningekuwa mimi humu, ningetoka nikiulizia chakula!"

Thilagavathi aligeukia upande wa pili ili wasimwone machozi.

Gajendra, ndilo jina walilokipa kifaru, kilikuwa kimemlia ujana wake wote. Alianza kazi ya kukiunda akiwa binti aliyetoka chuoni jana yake, kiwandani nje ya Chennai. Sasa nywele zilikuwa nyeupe. Injini ya kwanza ilichemka jangwani kama birika. Wakaunda nyingine. Darubini ya mzinga ikapofuka kwa joto. Wakabuni ya kwao. Na kila walipodhani wamemaliza, kamati ya ununuzi ilikuja na jambo jipya: kizito, madaraja hayatakibeba. Wakipunguza uzito, kamati hiyohiyo ikauliza mbona deraya ya kukikinga ni nyembamba. Huku nyuma wajumbe walipanda ndege kwenda kutazama vifaru vya wenzao ng'ambo, wakarudi na picha na manukato.

Askari wakakibatiza jina la Bi Harusi. Kila mwaka anapambwa, mchumba haji.

Dungar alikuwa miongoni mwa waliocheka sana. Halafu mdogo wake akateketea mpakani, ndani ya kifaru cha zamani ambacho ubavu wake ulipasuka kwa pigo moja. Msimu uliofuata alimfuata Thilagavathi kwenye karakana ya jangwani, kofia mkononi.

"Dada," alimwambia, "huyu bi harusi wako, mtu akipigwa akiwa humo anatoka hai?"

Thilagavathi alirudi kiwandani akaivua deraya yote ya mbele na ya ubavuni, akaanza upya, tabaka juu ya tabaka, na wenzake waliomwambia amechanganyikiwa aliwaacha waseme. Mumewe alizoea kula peke yake.

Sasa Brigedia Khangarot, mwenyekiti wa kamati, alikuwa anakuja kwa miguu kuelekea kifaru. Miaka yote hiyo alikuwa akikitazama Gajendra kutoka kivulini, miwani ya jua usoni. Leo alivua glavu, akapitisha kiganja kwenye mbonyeo ulioachwa na kombora.

"Hii mmeipika wenyewe?"

"Wenyewe, afande. Hakuna cha kuagiza nje."

"Na bamba likichoka?"

"Tunafungua, tunafunga jipya, hapahapa uwanjani."

"Kabla chai haijapoa, afande," Dungar akadakia.

"Sikukuuliza wewe." Lakini Brigedia alikuwa anatabasamu. "Kwa hiyo kinaweza kupigwa leo, kesho kikapigwa tena?"

"Hata keshokutwa," Thilagavathi alisema. "Afande, nimekifanya kwa ajili hiyo."

Brigedia aliwatazama wajumbe wenzake. Mmoja alitikisa kichwa kukubali, mwingine akanong'ona jambo, wakacheka kidogo.

"Haya, madam. Umetushinda. Tunavitaka mia moja, kwa kuanzia."

Dungar alirusha kofia juu akasahau kuidaka. Alitaka kumkumbatia Thilagavathi, akakumbuka yeye ni nani na madam ni nani, akaishia kumgusa miguu kwa heshima. "Dada, umeolewa!" akasema, kisha akajishika mdomo. "Yaani, kifaru!" Thilagavathi akacheka mpaka akakaa chini mchangani.

Alipiga simu kiwandani. Kwanza hawakumwamini. Halafu akasikia kelele ikipanda kutoka karakana hadi karakana, mtu akagonga bomba la chuma kama ngoma, wengine wakaitikia. Fundi mmoja mzee aliyekaribia kustaafu alichukua simu, akaibusu, akairudisha kwa mwenzake. Mtu alikuwa tayari ametumwa kununua vitamu vya laddu vya kugawa getini.

Kwenye hema la maofisa walimpa kiti karibu na Brigedia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Chai ilikuwa tamu, na kwa mara ya kwanza alijisikia ana njaa. Dungar alisimama mlangoni, kifua mbele, kama baba wa bi harusi.

"Afande," Thilagavathi alianza, "nisikuchoshe, ila injini ndizo zinachukua muda. Mkitupa ruhusa mapema tutaanza nazo mwezi huu, na madereva wenu waje kwetu kujifunza. Huyu Dungar awe mkufunzi wao."

Brigedia aliacha kukoroga chai.

"Injini za nini, madam?" aliuliza kwa upole. "Hata mizinga msihangaike nayo. Vile vifaru vya ng'ambo vinashuka bandarini karibuni, na vijana wetu wanahitaji kitu cha kupiga wakijifunza shabaha, ambacho hakisambaratiki upesi."