Kijito Kisichoitikia Hodi

Nyati alipenda maji maangavu. Kijito cha mashariki kilipong'aa hata akaziona kwato zake chini, alihamia huko na ndama wake, akiwacheka waliobaki kwenye tope la magharibi. Siku chache baadaye ndama wakaanza kuyumba.

Kereng'ende alipita juu ya maji bila kutua.

"Mbona hutagi mayai huku, dada?"

"Nilibisha hodi, mzee Nyati. Hakuna aliyenikaribisha. Pindua jiwe uone."

Nyati akalipindua kwa pembe. Hapakuwa na konokono, wala kaa, wala kiluwiluwi. Dawa zilizotiririka kutoka shamba la mlimani zilikuwa zimewamaliza wote waliokuwa wakiyatibua maji.

Wakaenda magharibi, ndama wakiwafuata, Nyati akapindua jiwe jingine. Lo! Wadudu wasiohesabika wakatimka, wengine wadogo kuliko punje ya mtama, wakipumua kwa matamvua membamba kama uzi. Nyati, aliyetikisa pori zima kwa mguno, akalirudisha jiwe polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Hodi wenyewe," akanong'ona. Ndipo akawaita ndama wake wanywe.