Kaka wa Fundi Cherehani

Maji ya vyombo yalimpata mwandishi kifuani kabla hajamaliza salamu. Mama wa fundi cherehani alisimama mlangoni na beseni tupu mkononi, macho makavu.

"Mtoto ninaye mmoja tu, na habari zake si za gazeti," alisema. "Ukirudi hapa nitakumwagia ya moto."

Mlango ukabamizwa. Mwandishi akakamua blauzi yake pale pale uani, majirani wakimtazama kama mwizi aliyeponea chupuchupu.

Hakushangaa. Kaka wa fundi alikuwa amemtahadharisha. Katika ukoo mzima ni yeye tu aliyekuja chumba cha habari, akakaa kwenye kiti cha wageni ameshika picha ya dada yake kwa mikono miwili, akasimulia alivyotoweka na jinsi nyumbani walivyokataa katakata kwenda polisi. Mama alishamkana yeye zamani, alisema, kwa hiyo afadhali jina lake lisitajwe kabisa. Ila kama kuna anayejua dada yake amezikwa wapi, basi ni mama huyo.

Kwenye duka la ushonaji mambo yalikuwa yale yale. Mwandishi alipotaja jina la mwenzao, mafundi walizidi kukanyaga cherehani ili wasimsikie. Mwenye duka alimnyooshea mkasi, akamwuliza kama hana kwao, kisha akamtoa mbio.

Mwandishi naye alikuwa king'ang'anizi. Jumamosi alijitanda khanga usoni, akamfuata mama sokoni kwa mbali. Mama alinunua vitunguu na sabuni, halafu akaingia duka la vifaa vya kushonea, akatoka na sindano za cherehani na zipu nyeusi. Moyo wa mwandishi ulipiga pa. Mama yule alikuwa mpishi wa shule. Hata kifungo kikimkatika, alikuwa akishonewa na binti yake.

Kumbe fundi yu hai.

Alimfuata hadi jengo la ghorofa nyuma ya kiwanda cha matofali, akajibanza chini ya ngazi mpaka mama alipoondoka. Hapo akampigia kaka. Mwanamume yule alilia kama mtoto, kisha akauliza ni mlango upi. Mwandishi akamwelekeza, akangoja kidogo, uvumilivu ukamshinda. Akapanda kubisha.

Mlango ulifunguka upenyo mwembamba. Mwanamke wa kwenye picha alimkazia macho ya chuki. Shavuni alikuwa na kovu ambalo kwenye picha halikuwapo.

"Nani amekuonyesha hapa?"

Mwandishi alisema naye kwa upole. Alimhakikishia kwamba mama yake hakumsaliti, kwamba hakuna neno litakaloandikwa bila ridhaa yake, kwamba yote haya yamefanyika kwa ajili ya mtu mmoja anayempenda, ambaye hajalala vizuri tangu apotee. Ngazini vilisikika viatu vikipanda haraka. Mwandishi akageuka, akapunga mkono huku akitabasamu.

"Huyo anakuja," alisema. "Kaka yako."

Fundi aliganda, mkono ungali kwenye kitasa.

"Mimi sina kaka."